Tessa Mara Mbili

Mhusika muhimu kuliko wote katika The Constant Gardener amekwisha kufa kabla hadithi haijaanza. John le Carré, aliyeitoa riwaya hiyo mwaka 2001, aliigeuza hali hiyo kuwa mtaji. Fernando Meirelles, Mbrazili aliyeongoza filamu yake ya mwaka 2005, hakuwa na anasa hiyo. Mwandishi anaweza kutuzungusha kurasa baada ya kurasa kandokando ya marehemu tusiyemwona. Mwongozaji wa filamu amemwajiri Rachel Weisz, na watu wamekata tiketi ili wamwone akicheka, akigombana, akitembea. Kwa hiyo kila uamuzi uliofanywa katika safari ya hadithi hii kutoka kitabuni hadi kwenye skrini unarudi kwenye swali moja: mwanamke huyu tumjue vipi, na tumjue kupitia kwa nani?

Kwa asiyeijua hadithi, ni hii. Justin Quayle ni mwanadiplomasia wa daraja la kati katika ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, mtu wa adabu nyingi, sauti ndogo na bustani nzuri. Mkewe Tessa, mwanasheria aliye mdogo kwake kwa miaka mingi, anauawa karibu na Ziwa Turkana. Daktari Arnold Bluhm, mzaliwa wa Kongo aliyelelewa na Wabelgiji, alikuwa naye safarini na sasa hajulikani alipo. Mgane huyu mpole anaanza kuuliza maswali, na maswali yanampeleka kwenye Dypraxa, dawa ya kifua kikuu inayojaribiwa kwa maskini ambao hawajaelezwa madhara yake. Nyuma ya dawa kuna makampuni, na nyuma ya makampuni kuna serikali mbili zinazoona heri kunyamaza. Sisi tuliolelewa na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, tunasubiri ngumi ya kwanza, na haiji. Silaha ya Justin ni kusoma karatasi hadi mwisho.

Sasa tazama alichokifanya le Carré. Angeweza kuanza na mume, au na ziwa, au na mwili. Anaanza na Sandy Woodrow, mkuu wa kitengo cha siasa pale ubalozini, anayepokea habari ya kifo asubuhi ya Jumatatu na kulazimika kuibeba hadi kwa mwenye mke. Woodrow ana mke wake na watoto, ana matumaini ya kupanda cheo, na alimtamani Tessa kiasi cha kumwandikia barua ambayo sasa inaweza kummaliza. Huyu ndiye tunayekabidhiwa. Kwa sura kadhaa za mwanzo tunamwona Tessa kupitia macho ya mtu aliyemtaka, akamwogopa, kisha akamsaliti, na ambaye hata kichwani mwake mwenyewe hathubutu kusema ukweli wote. Tessa anayetoka humo ni mrembo, msumbufu, mwenye kiburi, na huenda mzinzi. Tunamwamini Woodrow kwa sababu hatuna mwingine.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuambiwa kwamba msimulizi anaweza kuwa mwongo. Ugumu ni kumfanya awe mwongo kwa namna ambayo msomaji anaigundua taratibu, bila mwandishi kumnong'oneza sikioni. Le Carré, aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi kabla ya kuishi kwa kalamu, alijua kuwa waongo wa ofisini hawasemi uongo mkubwa. Hupunguza, huchelewesha, hubadilisha mada. Ndiyo maana sehemu ninayoipenda kuliko zote kitabuni ni ile ya polisi wawili vijana kutoka London, Rob na Lesley, wakimhoji Woodrow. Kwenye meza ile hakuna anayepiga kelele. Kuna maswali yanayorudi kwa mlango mwingine, kuna majibu marefu mno, kuna mtu anayejiona mjanja huku akijifunga kamba mwenyewe. Msomaji anaanza kulinganisha alichomsikia Woodrow akikiwaza na anachowaambia polisi, na katika nafasi ya kati ya viwili hivyo ndimo Tessa wa kweli anamoanza kuonekana.

Hakuna hata chembe ya mahojiano hayo katika filamu. Rob na Lesley wamefutwa kabisa. Nilipoitazama mara ya kwanza nilinung'unika, kama anavyonung'unika kila mpenzi wa kitabu. Lakini jaribu kuyapiga picha: watu watatu wamekaa, mmoja anawaza jambo na kusema jingine, na hilo analowaza halionekani. Ungehitaji sauti ya Woodrow ikitusimulia mawazo yake juu ya picha, na hapo uongo wake ungekuwa umeanikwa juani tangu dakika ya kwanza. Jeffrey Caine, aliyeandika mswada wa filamu, alielewa kwamba kuna kurasa ambazo huwezi kuziokoa kwa kuzinakili. Unaziacha, kisha unatafuta chombo kingine cha kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kurasa hizo.

Chombo alichokipata Meirelles ni mkasi wa Claire Simpson, mhariri wa filamu. Sitasita kusema kwamba yeye ndiye mwandishi wa pili wa hadithi hii. Filamu inafunguka uwanja wa ndege. Justin anamuaga mkewe, maneno machache tu, na Tessa na Arnold wanaondoka kuelekea kwenye ndege huku mwanga wa nje ukiwala hadi wanakuwa vivuli viwili. Hatuoni sura zao zikiondoka. Kisha ufuko wa ziwa na gari lililopinduka. Kisha Woodrow, aliyeigizwa na Danny Huston, anamfuata Justin kwenye mimea yake na kumwambia. Ralph Fiennes, anayemwigiza Justin, hafanyi karibu lolote. Anamshukuru mwenzake kwa kuchukua taabu ya kuja kumwambia. Adabu hiyo inaumiza kuliko kilio, na inatupa tabia nzima ya mtu katika muda usiozidi dakika.

Baadaye wawili hao wako mochari kuutambua mwili. Justin anasimama. Woodrow ndiye anayekimbilia sinki na kutapika. Mtu makini anajiuliza papo hapo: mbona rafiki wa familia anavunjika na mume hajavunjika? Mapenzi ya siri ambayo riwaya imeyatandaza katika mawazo ya Woodrow ukurasa kwa ukurasa yamewekwa kwenye tumbo la mtu mmoja, bila neno lolote. Hivi ndivyo ninavyoelewa uhamishaji wa maana.

Halafu kuna hospitali. Kitabuni, fununu kuhusu Tessa na Arnold hutembea midomoni mwa watu wa ubalozi, hasa mezani kwa Gloria, mke wa Woodrow. Ni umbea wa kizungu uliovaa glavu, na le Carré anaufurahia. Filamu inafanya jambo la hatari zaidi: inatufanya sisi watazamaji kuwa wambea. Tumemwona Tessa mjamzito. Tumemwona na Arnold, wakicheka, wakiaminiana. Justin amekwisha kuona barua pepe inayomuuliza mkewe alikuwa na Arnold hotelini kufanya nini. Kisha picha inakata, na Tessa yuko kitandani hospitalini akimnyonyesha mtoto mchanga mweusi. Kwa muda mfupi, mtazamaji anajumlisha mbili na mbili, na anapata tano. Kamera haimharakishi. Inamwacha ajiaibishe, ndipo inamwonyesha mama halisi wa mtoto, Wanza, akiwa hoi kitanda cha jirani, na tunaelewa kwamba mtoto wa Tessa mwenyewe amefariki. Hukumu tuliyompa Tessa ni ile ile waliyompa Woodrow na wenzake. Riwaya ilitumia sura nzima kutujengea mashaka hayo. Filamu imetumia pembe ya kamera na subira ya sekunde kadhaa.

Walimu wetu huita kurudi nyuma kwa hadithi kisengerenyuma, na mtihani humtaka mwanafunzi aonyeshe palipotumika. Katika filamu hii angechoka kuonyesha. Muda umevunjwavunjwa, lakini kwa mpangilio wa mtu anayeomboleza. Justin hakumbuki kwa tarehe. Anamkumbuka mkewe kwa kuguswa na kitu: nyumba, sauti, kipande cha video. Ndoa yao tunaipata vipande vipande, na kila kipande kinasahihisha kilichotangulia. Simpson alipata tuzo ya BAFTA kwa uhariri huu, na kwa mara moja tuzo ilikwenda ilikostahili.

Mfano wa uhariri unaonishangaza zaidi uko mbali kidogo na mapenzi. Baada ya yaliyotokea hospitalini, Tessa na Justin wako garini na wanampita Kioko, kijana anayemrudisha kichanga yule nyumbani kwa miguu, safari ndefu. Tessa anataka wampe lifti. Justin anakataa kwa hoja ambayo kila mtu mwenye gari Nairobi amewahi kuitoa: wenye shida ni mamilioni, huwezi kuwasaidia wote. Tessa anamjibu kwamba hawa waliopo hapa mbele yao wanasaidika. Gari linaendelea. Tukio ni dogo, na filamu inaliacha lizame. Muda mrefu baadaye, Sudan, wavamizi wanashambulia kambi na Justin anapanda ndege ya msaada pamoja na msichana mdogo. Rubani anasema sheria hazimruhusu kumchukua mtoto. Justin, yule yule wa hoja ya mamilioni, anajikuta akitoa hoja ya mkewe karibu kwa maneno yake, hata kufikia kutaka kumhonga rubani. Rubani hatikisiki, na mtoto anashuka mwenyewe na kukimbia.

Hakuna mhusika anayesimama kutueleza kwamba Justin amebadilika. Hakuna muziki unaotuvuta shati. Matukio mawili yamewekwa mbali mbali vya kutosha ili la pili liliamshe la kwanza kichwani mwetu, na hilo linahitaji mwongozaji anayemwamini mtazamaji wake. Washairi wetu wa utenzi wangeitambua kazi hii mara moja, kwa sababu kina cha mwisho wa ubeti hakina maana mpaka sikio likumbuke kina kilichotangulia.

Kitabu kinafika kwenye mabadiliko hayo kwa njia nyingine, na hapa ndipo sitaki filamu isifiwe kupita kiasi. Justin wa le Carré anambeba Tessa kwenye begi. Anakwenda kisiwa cha Elba, kwenye nyumba ya familia ya marehemu, na anasoma: barua pepe, ripoti za kitabibu, makala za magazeti, maandishi ya pembeni kwa mkono wa mkewe. Anavuka hadi Ujerumani na kisha Kanada, kwa Lara Emrich, mmoja wa wanasayansi walioigundua dawa na ambaye sasa anasagwa kwa kuthubutu kusema ina kasoro. Filamu imeiacha Elba, imeiacha Kanada, imemwacha na Lara mwenyewe. Ni sawa kwa muda wa dakika 129, lakini hasara ipo. Katika riwaya, kusoma ni tendo la ndoa. Mume aliyejifanya kutoona kazi ya mkewe alipokuwa hai sasa anaijua neno kwa neno, na kadiri anavyosoma ndivyo sauti yake inavyoanza kufanana na ya mkewe, mpaka anazungumza naye. Pia unaelewa kwa kina jinsi mtaalamu anavyonyamazishwa: mikataba, ufadhili wa chuo kikuu, majarida yanayokataa makala. Mtu akitoka kwenye filamu anajua kampuni ya dawa imefanya uovu. Anayefunga kitabu anajua ulivyofanyika, ofisi kwa ofisi.

Badala ya karatasi, filamu ina video. Mtoto wa Ham, binamu wa Tessa, anamfungulia Justin kompyuta, na katikati ya mafaili ya uchunguzi kunatokea picha alizochukua Tessa nyumbani, ikiwemo ya Justin mwenyewe amelala, mkewe akimsemesha bila yeye kusikia. Ni uvumbuzi mzuri kweli. Mume anajiona kwa macho ya marehemu, na mashaka yote ya barua pepe ile yanayeyuka bila wakili wala ushahidi. Hata hivyo ningetoa video hiyo nipewe kurasa ishirini za Elba.

Kuhusu rangi na mahali, César Charlone, mpigapicha mkuu, anastahili makala yake mwenyewe. London yake na Berlin yake zina baridi ya chuma, kijivu na kijani, watu wamepangwa nyuma ya vioo. Kenya imepakwa joto, kamera iko begani, inayumba, inachungulia. Ukiwa mkali utasema huo ni mtazamo wa mgeni: Ulaya yenye akili, Afrika yenye rangi. Nami nilisema hivyo, mpaka nikamtazama Tessa akitembea Kibera. Watayarishaji walitaka picha zipigwe Kenya yenyewe, mwaka 2004, na kamera ndogo zikaingia vichochoroni. Weisz anatembea na tumbo lake la bandia, watoto wanamfuata kwa salamu ile ya Kiingereza wanayompa kila mzungu, na nyuso zao hazionekani kama za watu waliopangwa foleni na kupewa maelekezo. Reli inapita katikati ya makazi kama inavyopita kweli. Igizo la mtaani kuhusu UKIMWI linachezwa mbele ya watu wanaoonekana kulitazama kwa dhati. Ziwa Turkana ni Turkana, upande wa Loiyangalani, na upepo wake na mawe yake hayawezi kughushiwa. Na muziki wa Alberto Iglesias unamwachia nafasi Ayub Ogada na nyatiti yake, uamuzi ambao mtunzi mwenye majivuno asingeufanya.

Kitabu, kwa kuwa kimekaa ndani ya vichwa vya Waingereza, kinaijua zaidi Nairobi ya Muthaiga na ya ofisi za ubalozi. Kilitoka Moi akiwa bado Ikulu na kinazungumza kwa hasira kuhusu utawala uliooza. Kamera zilipofika Kibaki alikuwa ameshashika hatamu, na hasira hiyo imepungua kwenye skrini. Pande zote mbili Wakenya wanabaki pembeni ya hadithi inayowahusu. Wanza anakufa bila kutwambia mengi. Kioko anaogopa na kunyamaza. Filamu angalau inatuonyesha macho yao, na macho ya Kioko yana habari ambayo riwaya haikuipata. Baada ya kazi, watu wa filamu hiyo walianzisha mfuko wa hisani, Constant Gardener Trust, kusaidia jamii za Kibera na Loiyangalani. Ni jambo la kupendeza, ingawa ningependa zaidi mswada ungempa Kioko sentensi tatu au nne za ziada.

Wengi wameihusisha Dypraxa na majaribio ya dawa ya Trovan yaliyofanywa na Pfizer kwa watoto wa Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mwaka 1996. Le Carré alisisitiza kwamba kampuni zake na watu wake ni wa kubuni, kisha akaongeza, katika maelezo ya mwisho wa kitabu, kwamba kadiri alivyozidi kuchunguza biashara hiyo ndivyo alivyoona hadithi yake ni nyepesi ikilinganishwa na hali halisi. Riwaya aliitabaruku kwa Yvette Pierpaoli, Mfaransa mfanyakazi wa misaada aliyefariki Albania mwaka 1999. Tessa hana budi kuwa na kitu cha mwanamke huyo, na nadhani ndiyo maana katika matoleo yote mawili hachoshi, ingawa amepewa kazi ngumu ya kuwa mwema.

Filamu ilimwongezea jambo moja ambalo kitabu kisingeweza kuwa nalo. Katika riwaya Tessa na Justin wanakutana kwenye mhadhara ambapo Justin amemshikia mtu mwingine nafasi, na Tessa anamuuliza maswali magumu kuhusu dola na uhalali wake. Kwenye skrini maswali hayo yamekuwa vita vya Iraq vya mwaka 2003, na ukumbi unaanza kumzomea na kuondoka. Tessa anaendelea kuongea hadi sauti inamkatika, ndipo anaona wamebaki wawili tu, na anaaibika. Justin anamsogelea kwa upole. Mapenzi yao yanaanzia kwenye aibu yake na adabu ya huyu mwanamume, na tunafahamu tangu hapo kila mmoja anahitaji nini kwa mwenzake. Weisz alipata Oscar kwa uigizaji huu. Bila ukumbi ule usio na watu ningeona tuzo imempendelea.

Mwisho ndio unaotenganisha kazi hizi mbili. Justin anarudi ziwani alipouawa mkewe, anatoa risasi kwenye bastola aliyopewa, na anawasubiri wauaji. Filamu inalisuka tukio hili na ibada ya kumkumbuka Justin jijini London, ambako Pellegrin, mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyeigizwa na Bill Nighy kwa ubaridi wa kupendeza, anawaambia waombolezaji kwamba marehemu alijiua. Ham anapanda mimbarini na kuisoma barua ya siri iliyoandikwa na Pellegrin mwenyewe. Pellegrin anaondoka, waandishi wa habari wanamfuata nje. Ukumbi wa sinema unapumua.

Le Carré hampi mtu pumzi hiyo. Kwake, Woodrow anapanda cheo na Pellegrin anaondoka serikalini kwenda kula mshahara wa kampuni ile ile ya dawa. Ham anabaki na mafaili yake na milango inayofungwa moja baada ya nyingine. Wapo wanaosema Meirelles aliogopa. Mimi nadhani alipiga hesabu: mtazamaji aliyefungwa kwenye kiti kwa saa mbili na kifo cha watu wawili aliowapenda anahitaji kusikia ukweli ukitamkwa hadharani angalau mara moja, hata kama hautabadilisha chochote. Msomaji ana wiki nzima ya kukasirika. Le Carré mwenyewe aliisifu filamu hiyo waziwazi, pamoja na uchache wa sentensi zake zilizosalia ndani yake. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni Woodrow yupi aliyenitisha, nitamtaja wa kitabuni, kwa sababu huyo bado yuko kazini.